Simu ya baba ilipogoma kwenye nembo

"Mama, simu inadai toleo jipya. Nibonyeze?" Ni binti yangu Zuhura huyo, jana jioni. Nikaichukua mkononi mwake kabla hajamaliza kuuliza. Akashangaa. Yeye hakuwepo Kariakoo siku ile.

Siku ile iliyogoma ilikuwa Samsung ya marehemu baba yangu, ambayo mama yangu ndiye anayeitumia. Ndani mlikuwa na sauti za baba akisimulia ukoo wetu tangu Kilwa, alizojirekodi mwenyewe alipokuwa anaumwa. Fundi wa kwanza alikuwa katikati ya kuisasisha kwa kompyuta, umeme ukakatika. Uliporudi, simu inawaka, inaonyesha nembo, inazima, inawaka tena. "Hapa ni kufuta kila kitu tu," akasema. Mama akaanza kulia palepale barazani.

Tukaenda Mtaa wa Aggrey kwa kijana mmoja mwenye meza ya kioo. Kabla hajachomeka waya akauliza, "Dada, humu ndani mna kitu mnakihitaji?" Yule wa kwanza hakuuliza hivyo. Nikamweleza. Akanigeuzia kompyuta. Mafaili ya mfumo wa simu yamepangwa: BL, AP, CP, kisha mawili yanayofanana kama mapacha, CSC na HOME_CSC. "Hili la kwanza linasafisha simu, inabaki kama imetoka dukani. Hili la HOME linaweka mfumo, vitu vya mwenyewe halivigusi. Ila siahidi, maana iliachwa njiani."

Akahakikisha toleo linaendana na simu, akabonyeza. Mstari ukaanza kutambaa. Mama ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili, anasoma Ayatul Kursiy, midomo tu inacheza. Kikatokea kisanduku cha kijani: PASS, yaani imefaulu. Simu ikawaka, ikakaa kwenye nembo, ikakaa, mpaka nikaanza kutafuta maneno ya kumwambia mama. Ndipo ikaomba mchoro wa kufungulia, uleule aliouweka baba. Hapo nikajua vitu vipo.

Yule kijana hakukubali tuondoke kabla hajanakili sauti zote kwenye kadi. Mungu ambariki popote alipo.

Tangu hapo mama hataki simu ile isasishwe. Nimemweleza kwamba masasisho huziba mianya ya wezi, na kwamba nakala zipo kwenye kompyuta yangu pia. Nimemsikilizisha. Anaitikia, kisha anaifunga kwenye kanga. Sijui kama nina haki ya kuendelea kumsukuma.