Pipa limefunguliwa leo

Siku saba za pipa langu dogo la kung'arishia mawe kuzunguka usiku na mchana, na leo asubuhi kifuniko kimetoka.

Tope la kijivu, zito kama uji. Chini yake, mawe ya ufukweni yasiyo na kona hata moja.

Isipokuwa lile jeupe. Limebaki nusu! Lilikuwa la chokaa, jiwe laini.

Ndiyo maana kila jiwe likwaruzwe kwanza kwa kisu cha chuma. Likichubuka, liweke kando. Mawe magumu kama kwatzi, akiki na yaspi yana ugumu karibu sawa, takriban 7 kwenye kipimo cha Mohs (cha ugumu wa madini, 1 hadi 10), hivyo husuguana bila kumalizana.

Pipa lijae theluthi mbili hadi robo tatu. Likipungua, mawe huanguka, hugongana na kupasuka. Maji yaishie chini kidogo ya mawe ya juu. Kwa pipa la kilo 1.5, vijiko vinne vikubwa vya chenga za silikoni kabaidi (chenga ngumu za kusugulia; namba ikikua, chenga ni ndogo zaidi) namba 60/90, kisha 120/220, kisha 500, mwisho unga wa kung'arishia. Takriban wiki kila hatua.

Kati ya hatua moja na nyingine, osha mawe na pipa: mswaki, maji mengi, na subira. Punje moja ya chenga nene ikijificha kwenye ufa, itachora mawe yote.

Tope hilo lisiende kwenye sinki. Hutuama na kuganda kama saruji.

Wenzangu mnaoanza, tuonyesheni mlichookota. Pigeni picha mawe yakiwa makavu tafadhali, maji hudanganya: jiwe lililolowa huonekana limeng'aa.