Siku moja maishani mwangu: kufuga vipepeo ukingoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya

Saa 12 asubuhi. Kwanza ni miguu ya meza. Kila mguu umesimama ndani ya kopo la maji yenye oili chafu juu yake. Kopo likikauka usiku, sisimizi hupanda na kumaliza viwavi wachanga kabla hakujapambazuka. Angalia na matawi pia: jani moja likigusa ukuta, ni daraja tayari.

Saa 1. Usafi. Kinyesi kinamwagwa, majani yaliyonyauka yanabadilishwa. Kiwavi hashikwi kwa vidole. Kata kipande cha jani alichokalia, ukihamishe pamoja naye. Kiwavi wa *Papilio*, jamii ya vipepeo wakubwa, akichokozwa hutoa pembe mbili za rangi ya chungwa nyuma ya kichwa, zenye harufu kali, na hiyo ni dalili kwamba ni mzima. Wa kuogopwa ni yule aliyelegea, akawa mweusi, akaning'inia huku anavuja maji. Huyo ni mgonjwa, na wote waliokuwa naye chombo kimoja watenganishwe. Mara nyingi chanzo ni msongamano au majani yaliyowekwa na umande, kwa hiyo yapanguse. Majani ya mlimau wa jirani anayepiga dawa ya wadudu usiyaguse kabisa.

Saa 3. Msituni, kwa kibali. Arabuko-Sokoke ina kilomita za mraba zipatazo 420, nayo ndiyo kipande kikubwa zaidi kilichobaki cha msitu mkavu wa pwani katika Afrika Mashariki. Upande wa miti ya mrihi, kwenye mchanga mweupe, ni peponi kwa watazama ndege. Sisi hutafuta msitu mchanganyiko, penye miti ya mbambakofi na vichaka vizito chini yake.

Mtego wa *Charaxes*, vipepeo wanaopenda matunda yaliyochacha, ni mfuko wa chandarua wenye umbo la pipa, umefungwa juu na kuachwa wazi chini. Chini yake huning'inizwa sahani ya ndizi zilizochachuka siku mbili tatu, ukiachwa mwanya wa vidole vichache. Kipepeo huingia kwa chini, akishiba huruka kwenda juu, wala hakumbuki kushuka. Mwanya ukizidi, atatokea pembeni.

Saa 4 hadi saa 6. Jua limepanda, sasa ni wavu wa mkono. Hapa ndipo wageni wa kazi hii hukwama. Dume la *Papilio dardanus* ni la manjano na lina mikia. Jike la huku pwani kwa kawaida ni jeusi lenye mabaka meupe, halina mkia, na limemuiga *Amauris*, kipepeo mwenye sumu ambaye ndege humkwepa. Hesabu miguu: *dardanus* husimama kwa miguu sita, *Amauris* kwa minne, maana ile ya mbele imedumaa. Uigaji huo hufaa tu pale *Amauris* halisi wapo kwa wingi, wawafunze ndege kuogopa. Naye *Amauris* sumu yake huipata kwenye mimea inayotambaa yenye utomvu mweupe, ile ambayo mtu anayesafisha shamba huikata kwanza bila kufikiri.

Saa 7. Jike la *dardanus* huwekwa kizimbani na tawi la mmea wa jamii ya mlimau lililosimamishwa kwenye chupa ya maji. Sukari kijiko kimoja kwa maji vijiko kumi. Asipokunywa, mkunjue ulimi taratibu kwa pini mpaka uguse. Kipepeo hatagi mayai popote tu. *Euphaedra neophron*, kipepeo mwingine wa msituni, kwa mfano, hutaka mmea uitwao *Deinbollia*. Ukimpa mlimau utakesha bure. Yai huanguliwa baada ya siku nne hadi sita, kiwavi hula wiki tatu au nne, kisha hugeuka pupa, yaani hutulia ndani ya ganda mpaka awe kipepeo.

Kuanzia hatua ya kiwavi, kila tawi huvishwa mfuko wa chandarua. Nyigu wadogo wa vimelea hawana haraka: hutaga ndani ya kiwavi, wewe unaendelea kumlisha, na mwishowe kwenye pupa hutoka nyigu.

Saa 9. Kuvuna pupa. Wa leo hawaguswi. Subiri siku nzima ngozi ikauke, la sivyo kidole huacha kibonyeo na kipepeo hutoka na bawa lililokunjamana. Hupangwa kwenye pamba kavu na kupelekwa Gede, kwenye mradi wa Kipepeo ulioanza mwaka 1993, ambao huwauza kwa maonyesho ya ng'ambo. Hapo hukaguliwa mmoja mmoja. Mwenye kitundu, mwepesi kupita kiasi au aliyeanza kuonyesha rangi za mabawa hukataliwa, kwa sababu atatokea njiani, ndani ya sanduku, asiwe na mahali pa kuning'inia kukausha mabawa.

Saa 11. Kumwagilia miche ya mimea ya kulishia viwavi. Mbegu zake nyingi hutoka msituni. Vipepeo wazazi vilevile: ukizalisha ukoo mmoja kizazi baada ya kizazi bila kuingiza jike la mwituni, mayai mengi huacha kuanguliwa, hata majani yawe mazuri namna gani.