Riwaya ya Vasilisa: sura ya mbegu za popi imekubali

Imekubali! Sura iliyoziba njia ya riwaya nzima sasa inasomeka, na ufunguo ulikuwa umelala ndani ya hadithi yenyewe, ile ya Kirusi ya msichana Vasilisa, iliyomo katika mkusanyo wa hadithi za watu wa Afanasyev (1855–1863).

Tatizo ni mwanasesere ambaye mama aliyekufa alimwachia Vasilisa pamoja na baraka. Vasilisa anamlisha, anamweleza shida zake, analala. Kukicha kazi imekwisha. Katika hadithi ya kurasa chache hilo linapita. Katika riwaya, sura zote za kwa Baba Yaga, mchawi mla watu anayempa Vasilisa kazi zisizowezekana, zinabaki na shujaa asiye na kazi. Dawa za kawaida hazikusaidia. Ukimwondoa mwanasesere umeondoa baraka ya mama, na baraka ndiyo inayomfanya Baba Yaga amfukuze msichana badala ya kumla. Ukimgeuza kuwa sauti ya moyoni, unakwama pale hadithi inapodai kitu cha kushikika, yaani nafaka iliyochambuliwa. Ukimfanya mwovu, kitabu kinakuwa cha kutisha, na kwa kutisha Baba Yaga anatosha.

Kilichofungua ni chakula. Baba Yaga anakula cha watu kumi, kisha anamwachia Vasilisa supu kidogo ya kabichi, ukoko wa mkate na kipande cha nyama ya nguruwe mchanga. Masalio hayo ndiyo anayowekewa mwanasesere. Basi kanuni ikawa hii: mwanasesere anafanya kazi kwa kadiri alivyoshiba, na shibe yake inatoka tumboni mwa msichana. Usiku wa kwanza, wa kuchambua ngano, anapewa chote. Usiku wa pili Vasilisa njaa imemzidi. Wanagawana, na nusu ya popi iliyochanganywa na udongo inabaki mikononi mwake.

Hapo hesabu ikagoma. Gramu moja ya popi ina mbegu zaidi ya 2,000. Nusu kilo ni milioni na ushee. Ukiokota moja kila sekunde bila kulala, zinakwenda siku 11 na zaidi. Riwaya nimeiweka Novgorod, mji wa kaskazini mwa Urusi, mwishoni mwa Novemba. Tangu mpanda farasi mwekundu (jua) apite hadi mweusi (usiku) arejee ni kama saa 7 tu. Kuokota hakuwezekani. Lazima ufundi.

Na ufundi upo tangu mwanzo! Jioni ile nyumbani, mshumaa unapozimwa makusudi ili Vasilisa atumwe kwa Baba Yaga kuomba moto, dada mmoja wa kambo anafuma lesi, mwingine soksi, Vasilisa anasokota uzi. Basi anavua kitambaa chake cha kichwa, cha kitani, nyuzi kama 20 kwa sentimita, anavuta uzi akiruka mmoja, pande zote mbili. Matundu yanakuwa kama nusu milimita. Mbegu ya popi ina karibu milimita moja, haipiti. Udongo laini unapita. Kikiwa kikavu kinamsaliti: nyuzi zinateleza, tundu linapanuka, mbegu zinamwagika. Akikilowesha, nyuzi zinavimba na kushikana, kwa hiyo anachekecha ndani ya ndoo ya maji. Mchanga wenye ukubwa wa mbegu unabaki, na huo hutolewa kama mawe ya mchele: zungusha, mimina taratibu, mzito unabaki chini. Kisha mbegu zinatandazwa juu ya jiko la matofali, tabaka jembamba.

Na mashati 12 ambayo Vasilisa anamshonea Tsar (mfalme wa Urusi) mwishoni mwa hadithi, ya uzi mwembamba kama unywele, sasa yana asili yake kwenye kitambaa hicho kilichofumuliwa.

Kuhusu zana: vitendo 31 ambavyo Propp, mchambuzi wa hadithi za Kirusi, aliviorodhesha (1928) vinafaa kukagua pengo, lakini havioni jasho. Kwake mwanasesere ni kifaa cha uchawi, basi, twende mbele. Kadi za karatasi zimeshinda programu zote. Lahajedwali imebaki kwa saa za mchana na idadi ya matonge.

Mpango ulikuwa kuhamia kwenye fuvu lenye macho ya moto, ambalo Baba Yaga anampa Vasilisa arudi nalo nyumbani. Umeahirishwa, kwa sababu ya zile jozi tatu za mikono isiyo na mwili, watumishi wa Baba Yaga, zinazokamua mafuta ya popi. Vasilisa haulizii habari zake, na Baba Yaga anampongeza kwa hilo. Lakini mikono inashika kila mbegu: nusu ya mwanasesere kavu kabisa, nusu ya msichana bado na unyevu. Inajua, na haina mdomo. Sura inaandikwa upande wao, kwa mguso pekee, bila rangi wala sauti. Kwa hiyo jiko lazima lipoe mapema kidogo, mbegu zisikauke sawasawa, na aya ya kutandaza inarudi mezani kuandikwa upya.