Siku moja na nyimbo za Washington Heights

Saa 2 asubuhi. Nashuka treni barabara ya 181, kaskazini mwa Manhattan, New York. Napiga kinanda cha mazoezi katika kikundi cha mtaani kinachoandaa "In the Heights", mchezo wa jukwaani wa nyimbo wa Lin-Manuel Miranda na Quiara Alegría Hudes uliotwaa Tony, tuzo ya michezo ya Broadway, mwaka 2008. Mtaa unaoimbwa, Washington Heights, ndio huu ninaoukatiza: Wadominika, Wakuba, Wapuerto Riko.

Saa 3. Wimbo wa ufunguzi. Usnavi, mhusika mkuu, anafungua duka lake na kututambulisha kwa majirani kwa rap, juu ya clave, mdundo wa Kikuba: mapigo matano, matatu upande mmoja na mawili upande wa pili. Nawapigisha waimbaji makofi mpaka mapigo hayo yawakae. Wazee wetu wa dansi kule Afrika Mashariki wangeyatambua mara moja. Santuri za Kuba zilitufikia zamani.

Saa 5. "96,000". Dukani imeuzwa tiketi ya bahati nasibu iliyoshinda dola 96,000, na kila mmoja anaota lake. Mwishoni wanaimba yote kwa pamoja, maneno tofauti. Nachukua sauti moja moja, kisha mbili mbili. Zikiungana, chumba kizima kinatetemeka.

Saa 8 mchana. "Paciencia y Fe", yaani subira na imani. Wengi wanausifia mchezo huu kwa rap. Kwangu mimi roho yake iko hapa. Bibi Claudia, aliyewalea watoto wa mtaa mzima bila kuzaa, anasimulia alivyotoka La Víbora, Havana, na mama yake, wakafika New York Desemba 1943 kwenye baridi kali, wakaishia kufanya usafi majumbani mwa watu. Anaanza taratibu, karibu kama anaongea. Tumba zinaingia, kwaya inamzunguka, mwendo unapanda, na mwisho kabisa ndipo tunajua tiketi iko mkononi mwake. Mwimbaji wetu mwenyewe ni mama mtu mzima. Akifika pale pa kujiuliza afanye nini na bahati hiyo, hanitazami tena. Mimi ndiye ninayemfuata pumzi yake, nangoja, kisha naweka vidole.

Saa 11 jioni. "Alabanza", yaani sifa, wimbo wa kumuaga Bibi Claudia anapofariki. Usnavi anafungua kwa maneno, kisha msichana wa mtaa aitwaye Nina anaanza kiitikio peke yake, mtaa unamwitikia. Tumeurudia mpaka besi wakaacha kupiga kelele. Huu hauimbwi kwa nguvu.

Saa 1 usiku. Nafunga kinanda. Kesho ni "Blackout", kwaya na ngoma gizani, kwa hiyo nimemwomba mpiga tumba awahi.