Nani ashike maiki kwenye mazishi ya mama

Bwana asifiwe wapendwa. Wiki hii nimekaa na 1 Wakorintho na sitoki hapo, manake yale niliyoyaona kwenye matanga hapa kwetu Kisauni mwezi uliopita bado yaniuma.

Mama mmoja jirani yetu alilala. Watoto wake watatu kila mmoja na kanisa lake, kifungua mimba Mkatoliki, wa pili Mwanglikana, kitinda mimba ameokoka anasali kwenye hema. Ile jioni ya kupanga mazishi ikawa ni vita, padri aongoze au kasisi, pasta apewe dakika ngapi, kwaya gani isimame karibu na kaburi, ikafika mahali mmoja akasema kama si kanisa langu basi mimi siji. Na mama bado yuko mochari jamani! Nikatoka nje kupunga upepo, huko uani nikawakuta kina mama wa makanisa yote hayo wamekaa pamoja, mmoja juu ya mbuzi akuna nazi, wengine wamenya vitunguu machozi yawatoka, na masufuria makubwa tumeazimwa na jirani zetu Waislamu.

Sasa soma sura ya 1 mstari wa 12. Paulo ameletewa habari na watu wa nyumba ya Kloe kwamba Korintho kuna magomvi, mmoja asema mimi ni wa Paulo, mwingine wa Apolo, mwingine wa Kefa yaani Petro, halafu kuna wa nne, "mimi ni wa Kristo". Huyu wa nne ndiye aliyenishika. Siku zote nilidhani huyo ndiye aliyepata, kumbe Paulo amemuweka kwenye foleni moja na wale wengine! Manake waweza kulitaja jina la Yesu kumsukumia mwenzako nje. Sisi tunaosema ati hatuna dhehebu sisi ni wa Yesu tu, na tunayasema hayo tukimkodolea macho jirani anayeshika rozari, tumo kwenye ule mstari.

Na hao Paulo na Apolo wenyewe hawakuwa na ugomvi. Nenda sura ya 16 mstari wa 12, Paulo asema alimsihi sana Apolo aende Korintho. Yaani kule watu wapigana kwa jina lake, na yeye ambembeleza yule wanayemfanya mpinzani wake aende akawahudumie.

Sisemi mafundisho hayana maana, yana maana sana, ubatizo si kitu cha kupuuza. Paulo mwenyewe alimpinga Petro uso kwa uso kule Antiokia, lakini angalia sababu kwenye Wagalatia 2, Petro alikuwa akila na watu wa Mataifa, walipokuja watu kutoka kwa Yakobo akajitenga nao. Kosa lilikuwa kuondoka mezani.

Hata injili yenyewe hapa Pwani haikuletwa na kanisa moja. Mmishonari Krapf aliyefika Mombasa 1844 alikuwa Mjerumani wa Kilutheri, waliomtuma ni Waanglikana, na mwaka huo huo akamzika mkewe Rosine huku upande wa bara, kaburi liko Nyali mpaka leo. Na mwaka 1862 akarudi tena, safari hii awasaidia Wamethodisti kuanza kazi Ribe. Angesema ya Ribe hayanihusu, nani angemlaumu?

Basi Jumamosi hii ni maombi ya arubaini ya yule mama na mpaka juzi ilikuwa haijaamuliwa nani ataongoza. Nikampigia simu kifungua mimba, nikamsomea ule mstari wa Apolo, nikamsomea mara mbili. Akanyamaza sana mpaka nikadhani kredi imeisha, kisha akaniambia nitumie namba ya pasta wa mdogo wangu, nimualike mimi mwenyewe.