Ini la mchungaji

Baba Mudogo, mchungaji wa Kamalondo ambaye hajawahi kuonja hata tone la bia ya Simba, aliambiwa na daktari: "Punguza pombe, muzee." Ekografi, ile picha ya tumbo kwa mawimbi ya sauti, ilikuwa imeonyesha ini linang'aa kuliko figo, yaani limejaa mafuta. Alitoka pale kimya. Mimi nilicheka, lakini moyoni tu. Nilikuwa nasoma biolojia Lubumbashi na naishi kwake, nakula bukari yake, yaani ugali.

Kosa halikuwa la pombe. Kila nyumba aliyoitembelea alipewa soda, kwa sababu mchungaji hapewi maji matupu, na akikataa mama mwenye nyumba ananuna. Chupa nne, tano, kwa Jumapili moja.

Usiku akaniita. "Wewe unayesoma, nieleze. Mafuta yameingilia wapi? Mimi nyama ya mafuta siigusi."

Nikamwambia ini lenyewe ndilo linaloyatengeneza, kwa sukari. Seli moja ya ini ina mitokondria, vijumba vidogo sana vya ndani ya seli, elfu moja hadi mbili, na humo ndimo mafuta huchomwa yawe nguvu. Sukari ikizidi, ini huigeuza kuwa mafuta, na katika kazi hiyo huzalisha kemikali iitwayo malonili-koa, ambayo huzuia mafuta yasiingie kwenye mitokondria. Hapo ndipo aliponikatiza: "Kwa hiyo linapika mafuta na papo hapo linafunga mlango wa kuyachomea?" Ndiyo, Baba. Sijapata mwanafunzi aliyeelewa haraka namna ile.

Mengine nilimwonyesha kwa mbabula (jiko la makaa) ya Mama Mudogo iliyokuwa uani. Ukirundika makala kupita kiasi, moto huhema kwa bidii kwanza, kisha moshi. Mitokondria nazo mwanzoni huongeza kasi. Baadaye huchoka, elektroni zinavuja na kushika oksijeni, na oksijeni hiyo kali hutafuna utando wa mitokondria zenyewe. Ndiyo maana alichoka tangu asubuhi, nilitaka kusema, ila uchovu una sababu nyingi, nikanyamaza.

"Zinapona?"

"Mara nyingi ini hurudi. Ukipunguza asilimia 7 hadi 10 ya uzito."

Alikuwa na kilo 98. Akapiga hesabu kwa vidole, akasema kilo saba si mchezo.

Jumapili iliyofuata alihubiri juu ya mitokondria. Mzee mmoja wa kanisa aliuliza ni kitabu gani cha Biblia. Mama Mudogo, aliyekaa mbele, akajibu kwa sauti: "Ni cha bukari nusu, kuanzia leo."