Siku moja na kuku wangu, Singida

Saa 11:30 alfajiri. Kabla sijafungua banda, namulika kinyesi chini ya fito wanazolalia. Kikiwa kigumu chenye ncha nyeupe, hakuna shida. Chenye damu, hasa kwa vifaranga, ni kuhara damu: hapo dawa ya minyoo haisaidii kitu, natafuta amprolium na kutoa matandazo yote yaliyolowa sakafuni.

Saa 12. Leo ni zamu ya minyoo. Vyombo vya maji nilivitoa jana jioni, kwa hiyo wanatoka na kiu, na maji yenye piperazine yanaisha mapema. Dawa hii inashughulika na minyoo ya mviringo tu. Tegu kuku humpata kwa kudonoa mbawakawa na sisimizi, na dawa yake ni nyingine. Wengi wanapiga ileile mwaka mzima halafu wanalalamika ni feki! Someni lebo, na muone pia mayai yasiliwe kwa siku ngapi.

Saa 3, mashineni. Huku kwetu kwenye alizeti mashudu, yaani makapi ya alizeti iliyokamuliwa mafuta, hayana shida kupatikana, shida ni ubora.
“Mama, chukua haya, nakupunguzia.”
Navunja bonge moja, nanusa. Ndani kuna ukungu wa kijani.
“Haya hapana, mwanangu. Sumukuvu hiyo.”
Dagaa nao nawapepeta kwanza, maana mchanga unauzwa kwa bei ya samaki.

Kwa kilo 50 za matetea nachanganya pumba za mahindi 24, mahindi ya kuparaza 8, mashudu 11, dagaa 4 na chokaa ya mifugo 3. Juu yake chumvi gramu 150 na premiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini) kama pakiti inavyosema. Chumvi na premiksi nazichanganya kwanza na pumba kidogo pembeni, la sivyo kuku mmoja atakula chumvi ya wote. Vifaranga hawaguswi na mchanganyiko huu. Chokaa nyingi namna hii inawaharibu figo.

Mchana wanajitafutia. Nawawekea tairi kuukuu lenye majivu na mchanga mkavu, wajigaragaze wapunguze chawa.

Saa 10 jioni bibi jirani analeta tetea wake kambebea kwenye kanga.
“Shikamoo bibi.”
“Marahaba. Huyu kuku ana kideri, hali tena.”
Namgeuza kichwa. Pembeni ya macho na kwenye upanga kuna vidoti vyeusi vimejazana, havitoki hata ukivisugua. Viroboto.
“Kideri kingekuwa kimeshamaliza banda zima, bibi.” Nampaka mafuta ya mgando juu ya viroboto wenyewe, wanakosa hewa, wanakufa. Ila bila kufagia banda na kuchoma takataka, watarudi tu.

Saa 3 usiku ndiyo kazi ninayoiamini kuliko zote. Utitiri mwekundu mchana hujificha kwenye nyufa, usiku hupanda kunyonya damu, kwa hiyo anayekagua mchana anaona banda safi huku kuku wanapauka upanga na mayai yanapungua. Napitisha karatasi nyeupe chini ya fito, naikunja, naibonyeza. Fito ya kona imeacha michirizi ya damu. Kesho naing'oa, maji ya moto yanaingia kila ufa, ianikwe juani, kisha viota vyote vipakwe chokaa.